Ng'ombe wa Gredi na Joto la Kaskazi

Ukiwauliza wafugaji wa Mtopanga kuhusu mwezi wa pili na wa tatu, jibu ni moja: ng'ombe wa gredi wanarudia. Unampandisha leo, wiki tatu hazijaisha vizuri analia tena, na mwenyewe anakutazama wewe daktari wa mbegu kama mtu uliyemuuzia maji.

Kazi hii ya kupandisha kwa mbegu badala ya dume ilitutangulia. Kenya ilianza kuhimilisha ng'ombe mwaka 1935, kituo cha Kabete kikaja 1946, mpango wa taifa 1966. Lakini ule ulikuwa zaidi mpango wa nyanda za juu: gari la serikali likipita njia ile ile, wafugaji wakisubiri barabarani na ng'ombe wao. Huku Pwani wengi tulibaki na madume, mbung'o na ndigana. Serikali ilipolegeza mkono miaka ya tisini, ndipo watu kama mimi walipojinunulia mtungi wa nitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wakaufunga kwenye pikipiki. Kuvuka nao feri ya Likoni kwenda Mtongwe kuna raha yake: abiria wakiona mvuke unapenya kifunikoni, wanakuachia nafasi bila kuombwa.

Mbegu inavumilia baridi hiyo miaka mingi. Kinachoshindwa ni kiinitete, tena na joto. Yai likishatungwa, jeni zake nyingi bado zimelala. Linaendeshwa na akiba ya mama: protini, na maagizo ya RNA yaliyowekwa ndani ya yai kabla mbegu haijafika. Linagawanyika chembe mbili, nne, nane. Kwa ng'ombe ni kati ya chembe 8 na 16, kama siku ya tatu au ya nne, ndipo jeni za kiinitete chenyewe zinapoamka kwa wingi. Panya huwahi, kwenye chembe mbili. Binadamu ni nne hadi nane. Kabla ya hapo kiinitete hakina njia nyingi za kujitengenezea kinga mpya. Mwaka 1993 watafiti wa Florida walichapisha jaribio lao: ng'ombe waliopatwa na joto siku ya kwanza baada ya kupandishwa walipoteza viinitete vingi, waliopatwa siku ya tatu, ya tano au ya saba, vyao vilistahimili.

Wenye mali huikwepa hatari hiyo kwa kupandikiza kiinitete cha siku saba, ambacho tayari kimeshagawana kazi: chembe za nje zinaelekea kuwa kondo, za ndani ndama. Kwa gharama yake, njia hiyo haijafika Kisauni. Njia nyingine ni uzao: Kilifi walichanganya zamani damu ya Sahiwal, ng'ombe anayestahimili joto, nami naona walikuwa na akili kuliko sisi tuliong'ang'ania Friesian mtupu kwa sababu ya ndoo ya maziwa.

Bibi mmoja wa Mwandoni nilimwambia, "Mama, siku tatu za mwanzo mfunge ng'ombe chini ya mwembe, mmwagie maji mchana. Na hilo banda, toa mabati uezeke makuti."

"Daktari," akanijibu, "makuti utayanunua wewe?"

Mwembe ameukubali.