Mshangiliaji na Mchezaji: Kanuni za Michezo ya Shule Katika Nyanda za Juu za Kusini

Tosamaganga haiko mbali na Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Wamisionari Wabenediktini walijenga huko kabla Mkwawa mwenyewe hajafa mwaka 1898, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nafasi yao ikachukuliwa na Wakonsolata kutoka Italia. Hivyo shule ilisimama jirani na ngome, na vijana ambao babu zao walifunzwa mkuki na ngao kwa amri ya Mtwa wakafunzwa kusoma, kufanya kazi za mikono na kucheza mpira. Hilo la mwisho aghalabu huachwa na waandishi wa historia ya elimu. Wao huhesabu madarasa, walimu na wahitimu, kisha hufunga kitabu. Hata hivyo uwanja wa mpira una historia yake ya sheria, na sheria hiyo ina kasoro moja ya zamani ambayo mpaka leo haijarekebishwa: tangu mwanzo ilimtazama mchezaji, ikamsahau anayemshangilia.

Neno mshangiliaji lisichukuliwe hapa kwa maana nyembamba ya kijana apigaye ngoma pembeni mwa uwanja. Mshangiliaji ni kila mtu ambaye ushindi wa timu humpa sifa au faida ilhali yeye hachezi. Mkuu wa shule ni mshangiliaji, mwalimu wa michezo ni mshangiliaji, ofisa wa wilaya na tajiri anunuaye jezi ni washangiliaji. Hao wote husimama nje ya mstari wa chokaa, na kanuni za mchezo huishia kwenye mstari huo.

Mambo hayakuwa hivyo katika michezo iliyotangulia mpira. Katika ngoma za Wahehe na Wabena, kama katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki, aliyesimama kandokando hakuwa mtazamaji tu. Alipiga makofi, aliitikia, na zamu yake ikifika aliingia kati. Aliyeharibu mwitikio alikemewa sawasawa na aliyekosea hatua, kwa kuwa wote walikuwa ndani ya mchezo mmoja. Mpira uliletwa na utaratibu mwingine. Kanuni zake zilitokana na vijana wa vyuo vya Uingereza: wanafunzi wa Cambridge waliandika zao mwaka 1848 ili waliotoka shule mbalimbali waweze kucheza pamoja, na mwaka 1863 chama cha mpira kilichoundwa London kikatoa sheria za kutumiwa na vilabu. Sheria hizo zilieleza mpira upigweje na goli liwe na upana gani. Juu ya watu wa nje hazikuwa na la kusema.

Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya serikali huko Malangali, katika nchi ya Mufindi, chini ya Bwana W. B. Mumford. Yeye alitaka elimu iote katika mila za wenyeji. Wavulana walivaa nguo za asili, wazee waliitwa waje wawafundishe mila, na mazoezi ya mwili yakawa ni pamoja na ngoma na kurusha mkuki. Mumford aliieleza kazi yake katika jarida la *Africa* mwaka 1930, na wasomi wa Ulaya wakaisoma kwa hamu. Wazazi wengi hawakuifurahia vivyo hivyo. Waliona kwamba mtoto apelekwaye shule kujifunza ya Wazungu anarudishiwa mambo ambayo angeyapata nyumbani bila kutoka jasho la safari, na mpango ule haukudumu. Inafaa kukiri kwamba wazazi walikuwa na hoja. Lakini jambo moja la Malangali lilistahili kuishi zaidi ya lilivyoishi: katika mchezo wa aina ile mzee aliyetazama alikuwa pia mwalimu na mwamuzi, na heshima yake ilikuwa rehani pamoja na ya kijana.

Shule za bweni za misheni zilichukua njia ya mpira. Humo kijana mmoja alikuwa mchezaji Jumamosi hii na mshangiliaji Jumamosi ijayo, na mara zote mbili alikuwa chini ya kengele ileile na kiranja yuleyule. Aliyemtukana mwamuzi aliadhibiwa kama aliyechelewa ibada. Mabweni yalishindana kwa vikombe vidogo, na nani ashangilie nani lilikuwa jambo la wazi. Kanuni ya mshangiliaji haikuandikwa popote kwa sababu haikuhitajika: nidhamu ya shule iliwafunika wote. Kwa upande wa mchezaji, kanuni ya umri haikuwa na nguvu. Katika Tanganyika ya kikoloni mtoto aliweza kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na zaidi, kwa kuwa shule zilikuwa chache na mbali, na watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Kijana mwenye ndevu katika darasa la saba alikuwa mwanafunzi halali kabisa. Kumwuliza miaka yake kulikuwa ni kumwuliza jambo ambalo pengine mama yake alilikumbuka kwa mwaka wa njaa au wa nzige.

Baada ya uhuru uwanja ulipanuka. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa *Elimu ya Kujitegemea*, iliyotaka shule isiwe kisiwa kilichotengwa na jamii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali. Tosamaganga ikawa shule ya umma, na timu ya Tosamaganga haikuwa tena timu ya misheni. Ndipo ilipokua ngazi ya mashindano ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaifahamu: kutoka shule hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi taifa, chini ya UMISSETA kwa shule za sekondari na UMISHUMTA, ambayo baadaye iliitwa UMITASHUMTA, kwa shule za msingi.

Ngazi hiyo ilifanya mema mengi. Kijana wa Uhehe aliweza kulala bweni moja na kijana wa Mtwara na kugundua kwamba wote wanacheka mzaha uleule. Lakini katika kila daraja la ngazi mshangiliaji alibadilika. Chini kabisa alikuwa mwanafunzi mwenzake mchezaji. Katikati akawa mwalimu ambaye jina lake litasomwa kwenye kikao. Juu akawa ofisa anayerudi mkoani na kikombe au bila kikombe. Kadiri mshangiliaji alivyopata madaraka, ndivyo alivyozidi kutoka katika nidhamu ya shule, na hakuna kanuni iliyomfuata huko alikokwenda.

Hapo ndipo lilipoingia neno mamluki. Lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mtu aliyemilikiwa. Ni ndugu wa miliki na malkia. Katika historia mamluki alikuwa mtumwa aliyefanywa askari, kisha Kiswahili kikalitumia kwa askari wa kukodiwa, na hatimaye kwa mchezaji asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea, au aliyevaa jina la mwingine. Msomaji apime neno lenyewe. Linamtaja aliyemilikiwa, halimtaji mmiliki. Mamluki akinaswa huvuliwa jezi mbele ya watu na timu yake huondolewa; aliyemtafuta, akampa nauli na kumwandikia jina la uongo huketi jukwaani akisikitika pamoja na wengine. Kijana wa kidato cha pili asiye na fedha ya daftari hawezi kujisafirisha mwenyewe kutoka klabu ya mtaani hadi mashindano ya mkoa akiwa na barua yenye muhuri. Muhuri una mwenyewe.

Taifa lililolichunguza jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni Marekani, na kwao fedha ya mshangiliaji ilitangulia hata kanuni. Shindano la kwanza baina ya vyuo viwili vya nchi hiyo lilikuwa la mashua kati ya Harvard na Yale, Agosti 1852, na gharama zake zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria. Chama cha michezo ya vyuo kiliundwa mwaka 1906, baada ya vifo vingi vya wachezaji, na kwa miaka mingi nacho kilishughulika na mchezaji: alama zake, umri wake, miaka yake chuoni. Taratibu kikafahamu kwamba mkono unaovunja kanuni mara nyingi ni wa mtu aliye nje. Ndipo kikamwingiza mshangiliaji katika sheria. Mtu akiisha kuichangia timu ya chuo, au kusaidia kumvuta mchezaji, huhesabiwa kuwa mwakilishi wa chuo katika michezo, na hadhi hiyo humfuata maisha yake yote. Chuo hujibu kwa kosa lake kana kwamba kimelitenda chenyewe.

Kipimo cha kanuni hiyo kilikuwa Southern Methodist, chuo kikuu cha mjini Dallas. Katika mwaka wa masomo wa 1985 na 1986 wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola 61,000 hivi kutoka mfuko wa siri uliojazwa na mshangiliaji tajiri. Mwezi Februari 1987 chama kikaifuta timu yao kwa msimu mzima, na siku chache baadaye Bill Clements, gavana wa Texas aliyekuwa amekiongoza baraza la chuo, akakiri kwamba alijua malipo yanaendelea. Je, adhabu iliwafikia waliotoa fedha? Kwa sehemu tu, maana waliopoteza msimu ni vijana, wakiwamo wasiopokea hata senti. Lakini majina ya watu wazima yalitajwa hadharani kwa sababu kanuni iliwatambua. Tangu Julai 2021 wanafunzi wa huko wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kilichokuwa hongo kimekuwa mkataba. Kama hiyo ni hekima au ni kuchoka, wenyewe wanaendelea kubishana.

Watanzania nao walikuwamo katika mabishano ya huko. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Alizaliwa mwaka 1953, na makocha wengine walinung'unika kwamba mtu mzima anashindanishwa na vijana. Mahakama ya rufani ya Washington ilikwisha kukataa, mwaka 1975, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Howard, kanuni iliyowabagua wanafunzi wa kigeni. Hivyo chama kikageukia miaka na mashindano ya baada ya utoto. Umri wa Nyambui haukuwa hila. Ulikuwa umri wa nchi ambamo shule huanza kwa kuchelewa na maisha huingilia kati.

Tanzania yenyewe ilijaribu dawa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, mashindano ya shule yalisimamishwa nchi nzima, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Waziri huyo alikuwa mtu wa Mufindi, nchi ya Malangali, ambako miaka sabini kabla yake mchezo ulihesabiwa kuwa somo lenyewe. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Zilikuwako shule ambamo timu ilikaa kambini wiki nyingi, na mwalimu wa hesabu akawa msimamizi wa jezi. Lakini marufuku ile ilikuwa hukumu iliyokosea mshitakiwa. Watu wazima waliokuwa wamegeuza mashindano kuwa soko la sifa walihamia kwenye mashindano mengine. Mtoto wa kijijini, ambaye mashindano hayo yalikuwa safari yake ya kwanza nje ya wilaya, hakuwa na pa kuhamia. Walimu wa michezo walipoteza mazoea, na viwanja vingine vikalimwa mahindi. Michezo ilirudishwa baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2005.

Iliporudi ilirudi na uhakiki mkali zaidi wa wachezaji: picha, vyeti, kulinganisha sura na karatasi. Ni kazi ya lazima, na wanaoifanya hukesha. Lakini uhakiki huo bado humwuliza kijana peke yake. Hakuna fomu inayoandika ni nani aliyelipa nauli yake, ni nani aliyemwomba ahame shule katikati ya mwaka, wala ameahidiwa nini. Maswali hayo matatu yangeweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa, na majibu yake yangewekwa sahihi na mtu mzima ambaye baadaye angeulizwa.

Mashaka ya kwamba jambo hilo litaua mapenzi ya mchezo hayana uzito. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, ilichukua ubingwa wa Tanzania mbele ya Simba na Yanga, na Mbeya yote ilijua jinsi ya kushangilia bila kufundishwa na mtu. Shangwe haihitaji siri. Inayohitaji siri ni bahasha.

Malangali na Tosamaganga leo ni shule za sekondari za Mkoa mmoja wa Iringa, na wachezaji wao huweza kuchujwa kwa ajili ya timu moja. Kila mmoja huja na karatasi yenye picha yake na muhuri wa shule. Chini ya picha pana sahihi moja tu, ya mkuu wa shule, yaani ya mshangiliaji wake wa kwanza.