Alama za Bunduki za Shabaha

Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwafunza Waingereza jambo chungu: wengi katika askari wao hawakujua shabaha kama wakulima waliopigana nao. Lord Roberts, aliyekuwa jemadari wao huko, akahimiza raia wajifunze kulenga, na mwaka 1901 chama cha vilabu vya bunduki ndogo kikaundwa. Risasi ya inchi .22 ilikuwa rahisi kwa bei, na mshindo wake haba ulifaa hata ukumbini. Mwaka 1907 jeshi likakubali bunduki kuukuu za Lee-Metford zigeuzwe, mtutu uwe na tundu jembamba, ili mwanafunzi azoee umbo la silaha ya vitani.

Wakusanyaji wa leo huzisoma kama hati. Mshale uliochorwa katika chuma ulikuwa dalili ya mali ya dola. Mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha ilieleza kuwa bunduki imeuzwa. Mtu aisuguaye mpaka ing'are, na wapo wafanyao hivyo kwa mapenzi matupu, hufuta ushahidi usiorudi. Hapo haijulikani tena ni mwaka gani iliundwa kwa vita, wala ni mwaka gani ikageuzwa kuwa ya mafunzo.