Roketi Isiyokuwa na Choo

Asubuhi ya tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alilala chali ndani ya Freedom 7, juu ya roketi, pale Cape Canaveral, Florida. Safari yenyewe ilipangwa kwisha ndani ya dakika 15, kwa hiyo hakuna aliyemwandalia mahali pa kukojolea. Mawingu yakatanda, hitilafu zikajitokeza, muda ukasogezwa na kusogezwa tena mpaka zikapita saa nne na zaidi. Akaomba atoke kidogo, akakataliwa. Akasema basi atakojoa humo humo. Mafundi wakaogopa shoti, maana mwilini alibandikwa elektrodi za kupima moyo na pumzi. Mwishowe walizima vipimo hivyo, naye akajisaidia pale pale alipolala. Mkojo ulimtiririkia mgongoni, nguo yake ya ndani ya pamba ikaunyonya, na hewa ya oksijeni iliyopita ndani ya suti ikaanza kumkausha. Katika hali hiyo Mmarekani wa kwanza akarushwa kwenda anga za juu.

Historia ya anga tumezoea kuisoma kwa kufuata injini. Mimi nimeifuata kwa njia ya haja, katika ripoti za madaktari wa NASA, shirika la anga la Marekani, na mazungumzo ya wanaanga yaliyorekodiwa na kuandikwa neno kwa neno. Nimeamini kwamba njia hii ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi wahandisi walivyomfikiria binadamu waliyempakia: kwa muda mrefu, walimfikiria mwisho.

Miezi miwili na nusu baada ya Shepard, Gus Grissom alirushwa akiwa amevaa suruali mbili za mpira, moja juu ya nyingine, ili mkojo ubaki katikati. Mwezi Februari 1962 John Glenn alikuwa na kifaa cha kweli, mpira mfano wa kondomu uliounganishwa na mfuko, na leo kifaa hicho kimo katika jumba la makumbusho ya anga mjini Washington. Glenn alikojoa karibu mililita 800 kwa mara moja, kiasi kikubwa kuliko kawaida. Hapa duniani mkojo huelemea chini ya kibofu na kutuonya mapema. Kule angani hauna uzito, kwa hiyo kibofu hunyamaza mpaka kinapokaribia kujaa.

Haja ndogo ilikuwa nyepesi. Mateso yalikuwa katika ile kubwa. Wanaanga wa miradi ya Gemini na Apollo walipewa mfuko wa plastiki wenye gundi mdomoni, wa kubandika makalioni. Mahali pasipo na mvutano hakuna kinachodondoka, kwa hiyo mfuko ulikuwa na kijifuko cha kuingizia kidole, mtu akisukume kinyesi kikae chini. Kisha alitia dawa ya kuua vijidudu, akafunga, akaukanda mfuko kwa mikono mpaka dawa ichanganyike vyema, la sivyo gesi ingeupasua. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 45, ndani ya chumba kisicho na pazia, mwenzake mmoja au wawili wakiwa kando yake. Nikisoma maelezo haya huwaza juu ya sitara. Watu hawa walisifiwa ulimwengu mzima kwa ushujaa, lakini hawakupewa hata kona ya kujisitiri.

Mwezi Mei 1969, Tom Stafford, John Young na Gene Cernan wakiwa katika Apollo 10, kipande cha kinyesi kilionekana kikielea chomboni. Stafford akaomba haraka karatasi ya kukidakia, na kila mmoja akasema si chake. Watu wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi naona wanaume watatu waliofanyiwa isivyofaa na chombo chao.

Katika Apollo 13, Aprili 1970, jambo hili liligusa uhai. Kwa kawaida mkojo ulitolewa nje kupitia vali, ukaganda na kumetameta juani. Baada ya tangi la oksijeni kulipuka, waongozaji wa safari mjini Houston waliwaomba wanaanga wasitishe kuumwaga, kwa sababu msukumo wake mdogo ungeweza kukipotosha chombo njia. Wakaujaza mifukoni, na maji ya kunywa wakayapunguza mno. Fred Haise, mmoja wao, alirudi nyumbani akiwa na homa na maambukizi ya njia ya mkojo.

Waliotua Mwezini waliacha huko mifuko ya uchafu inayokadiriwa kufikia 96, ili chombo kiwe chepesi cha kubeba mawe. Bado ipo kule.

Choo cha kukalia Wamarekani walikipata katika kituo cha Skylab mwaka 1973. Kilifungwa ukutani, na hewa ilivuta kinyesi badala ya mvutano wa dunia. Lakini mabadiliko makubwa naona yaliletwa na wanawake. Mwaka 1978 NASA iliwachagua sita, na ule mpira wa Glenn haukuwafaa. Ikabidi zitengenezwe nguo za kunyonya mkojo, na baadaye wanaume pia wakaziona bora wakazivaa. Mwaka 1984 mkojo uliganda nje ya chombo cha Discovery, likatokea pande la barafu lililoweza kuvunjika na kukidhuru wakati wa kurudi. Kamanda Hank Hartsfield alilibomoa kwa mkono wa mashine, lakini bomba la kumwagia mkojo halikuweza kutumika tena. Wanaume wakarudia mifuko ya Apollo, na nafasi ndogo iliyobaki tangini wakamwachia Judith Resnik, mmoja wa wanawake wale sita. Heshima hiyo ilitoka kwa wenzake, wala haikuwa katika mchoro wa mhandisi yeyote.

Mnamo Novemba 2008 mashine ya kugeuza mkojo kuwa maji ilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Mei 2009 wanaanga waliyanywa maji hayo. Mashine ikazibika upesi. Mwili usiobeba uzito hupoteza madini ya mifupa, kalsiamu hiyo ikatoka na mkojo na kuganda ndani ya mitambo. Mifupa ya watu ilikuwa haijaingizwa vya kutosha katika hesabu. Mwaka 2023 mfumo mzima, pamoja na jasho na pumzi, ulifikia kurejesha asilimia 98 ya maji.

Kinyesi bado hufungwa na kupakiwa katika vyombo vya mizigo vinavyoteketea vikiingia angahewa. Watakaokwenda Mirihi watasafiri miezi mingi bila chombo cha mizigo cha kuwapokea taka, na karibu robo tatu ya kinyesi ni maji watakayoyahitaji. Choo chao inabidi kichorwe siku ile ile inayochorwa injini.