Injili Ndani ya Bahasha



Mwaka 1869, huko South Lancaster, Marekani, kina mama wachache Waadventista waliunda chama cha maombi na uinjilisti. Walituma vijitabu kwa posta, wakaandika barua, wakasubiri majibu. Mmoja wao, Maria Huntley, alijifunza Kifaransa ili awaandikie wasiojua Kiingereza.

Kwetu, ujumbe ulifika Gendia mwaka 1906, na mwaka 1913 uchapishaji ukaanza papo hapo. Lakini posta yetu huishia kwenye sanduku, haipigi hodi. Kutoka sandukuni hadi nyumbani, bahasha huhitaji miguu ya jirani au mwanafunzi.

Wanakwaya, zipo nyumba ambazo wimbo wetu haujafika. Jubilii hii, kila mmoja abebe kijitabu kimoja. Mungu awabariki.