Usukuma na Unyamwezi Katika Picha za Kuchongwa

Mwaka 1861 Kapteni James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chimbuko la Mto Nile, alikaa miezi kadhaa Ukuni, katika nchi ya Kahama ya leo ambamo Kagongwa imo. Huko alichora watu, makazi na mimea kwa rangi za maji. Speke alipochapisha kitabu cha safari yao mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro hiyo.

Lakini msomaji wa Ulaya hakuziona rangi za Grant. Mchoro ulikwenda kwanza kwa Johann Baptist Zwecker, mchoraji Mjerumani aliyeishi London, akauchora upya. Kisha fundi akauchonga juu ya kibao cha mti mgumu, akiacha mistari iliyoinuka ili ipakwe wino na kupigwa chapa pamoja na herufi. Hapo mstari ama upo ama haupo. Udongo mwekundu wa vilimani, weusi wa mbuga na ukijani wa masika vyote viligeuka wino mweusi, kwa mkono wa mtu aliyechonga asichokiona.

Ndugu msomaji, jambo hili si la wapenda sanaa peke yao. Katika karne ya 20 serikali ya kikoloni iliamuru vichaka vya Shinyanga vifyekwe ili kumaliza mbung'o; ukataji wa kuni, kilimo na mifugo vikaendeleza ukame wa ardhi. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirejesha miti kwa kutegemea ngitili, hifadhi za malisho za Wasukuma wenyewe. Anayerejesha uoto lazima aulize: kabla ya shoka, nchi hii ilikuwaje?

Jibu lisianzie kwenye picha ya kitabuni. Lianzie kwenye michoro ya awali ya Grant, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh, na kwenye mimea aliyokusanya, ambayo ilielezwa kitaalamu na Linnean Society ya London miaka ya 1870. Vipimwe kwa kumbukumbu za wazee na majina ya mahali, ambayo mara nyingi hutaja miti iliyokwisha kutoweka. Nakala za michoro hiyo zinastahili kuwamo katika madarasa ya Kahama, ambako watoto wanaweza kuzisahihisha.