Kioo cha Dukani

Binti yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Korogwe. Mwezi mmoja baada ya kulifungua alinijia nyumbani jioni, akaniamkia, akakaa, na kabla chai haijamiminwa akasema, "Baba, nataka kuweka kioo dukani, kiwe kinaonyesha picha za bidhaa na bei. Wewe ndiwe uliyefundishwa zana chuoni. Nisaidie." Nilicheka. Zana nilizofundishwa katika chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa ubao wa flaneli, chati za karatasi ngumu, na projekta moja ya slaidi iliyofungiwa kabatini, ambayo mkufunzi peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Hata hivyo nilikubali. Mzee aliyestaafu hakatai kazi anayoombwa na mwanawe.

Jambo lenyewe si geni kama vijana wanavyodhani. Kumwekea mtu picha ya mwanga ili atamani kitu, au aamini kitu, ni kazi ya zamani sana. Mholanzi Christiaan Huygens alikwisha kuchora taa ya kutupa picha ukutani mwaka 1659. Karibu miaka mia mbili baadaye David Livingstone aliibeba taa ya namna hiyo katika safari zake, na mwaka 1854, katika baraza la mfalme Shinte, aliwaonyesha watu picha ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Alipoisogeza slaidi, akina mama waliona kisu kinawajia wao, wakakimbia. Wapo wanaokisimulia kisa hiki ili kuwacheka akina mama hao. Mimi nawaonea heshima. Walikiamini kilichoonyeshwa, na aliyeionyesha picha ndiye aliyetaka waamini.

Historia hiyo ilipita hata hapa kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, mwendo mfupi tu kutoka ninapoandika, palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la New York, na kazi ikaongozwa na Meja Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, pamoja na Bwana Latham, aliyetoka idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Walipiga filamu fupi zipatazo thelathini na tano. Sauti waliiweka kwenye santuri, ili filamu ile ile iweze kusema lugha nyingine ikifika penye watu wengine. Kisha lori likabeba projekta na jenereta likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaufukia ardhini ukaibwa, mwenziwe anauweka benki. Iliitwa elimu, lakini msomaji ataona mwenyewe kwamba lilikuwa pia tangazo la biashara.

Chuoni tulisimuliwa kisa cha wanakijiji walioonyeshwa picha ya nzi mkubwa, wakasema kwao hakuna nzi wakubwa hivyo, kwa hiyo hawana cha kuogopa. Kimesimuliwa kwa nchi nyingi mno, na kila mara kijiji ni kingine, kiasi kwamba sasa nakitilia shaka. Nadhani kilipendwa kwa sababu kilimtwika mtazamaji kosa la mwonyeshaji.

Nilipokuwa kijana nilikwenda Tanga kutazama sinema, na kabla ya picha yenyewe kuanza zilipita slaidi za vioo: fundi cherehani, duka la baiskeli, mwuza saa. Zilikaa kimya ukutani huku watu wakitafuta viti. Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar waliipata mwaka 1973, tena ya rangi, sisi tukangoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa hiyo kizazi changu kilizeeka kikijua tangazo kuwa ni sauti ya redio au bati lililopigiliwa ukutani.

Bati hilo nalikumbuka vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko mlimani, na duka la kijiji lilikuwa na bati la rangi lenye picha ya mche wa sabuni na mama anayetabasamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni zikawa haba. Ndani ya duka hilo palikuwa na chumvi, viberiti siku nyingine, na mwuzaji. Watoto wangu wa darasa la kwanza walijifunza kusoma neno "sabuni" kwenye bati lile wakati nyumbani kwao wanafulia majani ya mpapai. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyu mama anacheka nini?" Sikumjibu. Bidhaa zilianza kurudi baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza vitu kutoka nje. Yule mama alikuwa bado anacheka.

Basi tukaweka kioo. Ni televisheni ya inchi 43. Mjukuu wangu alizitengeneza slaidi kwa kompyuta, kwa programu ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1987, akaziweka kwenye flashi, na televisheni ikakataa kuzisoma. Ikabidi kila ukurasa uhifadhiwe upya kama picha ya kawaida, ndipo zikapita. Mara ya kwanza tuliielekeza barabarani; jua la asubuhi likaifanya kuwa kioo cha kujitazamia. Tukaihamishia ukuta wa ndani, mkabala na mlango, juu kidogo ya macho ya mtu aliyesimama. Kijana alikuwa amejaza maneno arobaini katika slaidi moja. Hapo zana zangu za chuoni zikafaa: herufi lazima isomwe na mtoto wa dawati la mwisho, na picha moja iseme jambo moja. Tukabakiza jina la kitu, kipimo na bei, na kila slaidi ikakaa sekunde nane. Umeme ukikatika na kurudi lazima mtu ashike rimoti aanze upya, na hilo hakuna aliyetuonya.

Kwa wiki kadhaa watu waliingia kutazama tu. Kisha bei ya mabati ikapanda kwa msambazaji. Binti yangu alibadilisha bei katika daftari lake. Slaidi ilikuwa kazi yangu na mjukuu, na mjukuu alikuwa amerudi shule. Mimi nilisahau.

Akaja mzee mmoja kutoka mlimani, ambaye nilimsomesha mwanawe. Upepo ulikuwa umeezua nyumba yake. Wiki iliyotangulia alisimama mbele ya kioo, akasoma bei ya bati la futi kumi, akazidisha kwa ishirini, akaenda kuuza ng'ombe wake. Sasa alikuwa na fedha kamili, zimefungwa katika kitambaa, na nauli ya gari la kubebea mabati kando. Binti yangu akamtajia bei mpya. Mzee hakugomba. Alinyoosha mkono tu akaonyesha ukutani, na wakati huo huo slaidi ile ikapita, na bei ya zamani.

Nilimwambia binti yangu amwuzie kwa bei iliyoandikwa. Akanijibu kwa adabu, lakini kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Baba, mtaji huu ni mkopo wa benki. Benki haisomi kioo." Alikuwa na haki. Mzee naye alikuwa na haki. Aliyekosa ni mimi. Mabati ishirini yakatoka kwa bei ya zamani, tofauti nikailipa kwa pensheni yangu, miezi miwili, na siku kadhaa binti yangu alizungumza nami mambo ya chai na hali ya hewa tu. Mpaka leo anaona kwamba nilimfundisha mteja kudai, na huenda ni kweli, kwa kuwa wengine wawili walikuja wakisema wao pia waliisoma.

Sasa kila slaidi ina tarehe pembeni. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, mimi na binti yangu tunasimama mbele ya kioo yeye akiwa na daftari, mimi nikisoma kwa sauti bei moja moja. Wiki iliyopita misumari ya mabati ilikuwa imekwisha. Alitaka kuiondoa slaidi yake; nikamwomba aiache, aandike chini yake kwa herufi kubwa: HAIPO, NJOO ALHAMISI.