Thioanisoli

Thioanisoli (C₇H₈S) ni kimiminika kisicho na rangi, au chenye umanjano hafifu, ambacho molekuli yake ni duara la benzeni lililounganishwa na kundi la methili kupitia atomu moja ya sulfuri. Huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi hivi. Ni kizito kidogo kuliko maji na hakichanganyiki nayo, bali huyeyuka vizuri katika etha na alkoholi. Harufu yake ni kali na hung'ang'ania nguo.

Kazi yake mashuhuri iko kwenye utengenezaji wa peptidi. Peptidi inapovuliwa vikundi vya kinga kwa asidi ya trifluoroasetiki, huzaliwa vipande vyenye chaji chanya, tayari kuvamia asidi amino kama triptofani na methionini. Sulfuri ya thioanisoli huvidaka kwanza, na peptidi husalimika. Wanakemia pia huioksidisha kupata sulfoksidi, kipimo wanachokipenda wanapojaribu vichocheo vipya.

Mvuke wake huwaka, hivyo iwekwe mbali na moto. Ikiungua hutoa dioksidi ya sulfuri, gesi inayochoma koo. Ishughulikiwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa glavu na miwani. Pua isitegemewe kama kengele ya hatari, kwani huzoea harufu upesi. Vyombo hulowekwa katika dawa ya klorini iliyozimuliwa ili kuua harufu, ila kamwe isikutane na mabaki ya asidi: gesi ya klorini itatoka.